Diski ya Pili ya Obedi Matonya

Obedi Matonya alitembea na kichupa cha rangi ya kucha katika mfuko wa shati. Haikuwa nyekundu wala ya waridi. Ilikuwa ile isiyo na rangi, inayong'aa tu kama maji. Kompyuta yoyote iliyofika mikononi mwake, iwe mpya au kuukuu, kwanza aliigeuza, akatafuta kile kibandiko kidogo cha leseni ubavuni, akakifuta vumbi kwa kidole gumba, kisha akakipaka ile rangi taratibu, kama mtu anayempaka mtoto dawa kwenye kidonda. Akapuliza mpaka ikakauka. Baada ya hapo ndipo alipouliza mashine inasumbuliwa na nini.

Wanafunzi hawakuchoka kumtania.

"Mzee Obedi, leo umepaka za mikono au za miguu?"

"Za bi harusi," alijibu bila kuinua uso. "Wewe subiri, hata mchumba huna."

Restuta alipoajiriwa kufundisha kompyuta katika chuo ambako Obedi alikuwa fundi, alidhani huo ni ushamba wa mzee aliyezidiwa na mambo ya kisasa. Ilimchukua muda kuelewa. Kibandiko kina namba, na namba ile ndiyo ruhusa. Mtu hanunui mfumo wa kuendeshea kompyuta kama anavyonunua debe la uwele, akalibeba likawa lake. Ananunua ruhusa ya kuutumia, na ushahidi wa ruhusa hiyo ni kikaratasi kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Vumbi la Dodoma halina adabu, na viganja vya watu vina jasho. Kibandiko kisichopakwa hufutika, kikabaki cheupe pee.

"Na namba ikifutika," Obedi alimwambia siku moja, "unabaki na mashine isiyojua ni ya nani."

Alikuwa amezaliwa Kongwa, mtoto wa mchungaji wa ng'ombe wa ranchi, ng'ombe ambao si wake. Alipokuwa kijana alikuja mjini akapata kazi kwa Parvez, fundi wa redio aliyekuwa na duka jirani na soko. Parvez alimfundisha kusoma mgongo wa kitu kabla ya kukipasua tumbo. Kichupa cha kwanza alipewa na Mehjabin, mke wa Parvez, siku alipomkuta akihangaika kusoma namba iliyofifia nyuma ya redio ya mteja.

"Chukua, Obedi," alimwambia. "Kwangu sabuni inaitoa kila siku. Kwako angalau itakaa."

Parvez alipofariki na duka kufungwa, watu walikuwa wameshaacha kutengenezesha redio. Obedi, mtu mzima mwenye watoto, akaenda kukaa darasani na vijana wa umri wa wanawe, akajifunza kompyuta, akapata cheti. Halafu akaajiriwa na Bhagwati.

Bhagwati alikuwa mjane wa Praful, mwenye duka la vitambaa mjini. Mumewe alipokufa, aliliuza duka, akajenga chuo kidogo cha uhasibu na kompyuta kwenye njia ya kwenda Hombolo, mahali ambapo upande mmoja ni mashamba ya zabibu na upande wa pili ni uwanda mtupu mpaka macho yachoke. Ndugu zake walimwona kapotewa na akili. Yeye alisema duka lilikuwa la Praful, na chuo hiki ni chake. Alikuwa mama mkali asiyejua kukaa. Alikagua hata mabaki ya chaki. Lakini mwanafunzi aliyefiwa hakufukuzwa kwa sababu ya ada, na hilo kila mtu alilijua.

Kilicholeta kisa chote ni msichana aliyeitwa Erica.

Alikuwa katikati ya mtihani wa vitendo umeme ulipokatika, ukarudi, ukakatika tena. Mashine nyingine zote ziliamka. Ya Erica haikuamka. Diski yake, kile chombo cha ndani kinachotunza mfumo na kazi zote za mtu, ilitoa mlio kama wa panya aliyebanwa, ikanyamaza. Obedi aliipigia magoti mbele ya darasa zima, akaisikiliza kwa sikio, akaigonga kwa ncha ya kidole. Hakukuwa na la kufanya. Bodi ya mitihani ilimtaka Erica arudi mwaka unaofuata. Alipofungasha, Obedi ndiye aliyembebea sanduku mpaka barabarani. Mwaka uliofuata ulifika, Erica hakuonekana.

Tangu hapo Obedi akaanza kukusanya diski. Alizitoa kwenye mashine zilizokufa kwa maradhi mengine, akazipima moja moja, akazisafisha. Kila kompyuta ya maabara akaiwekea diski ya pili kando ya ile ya kwanza, na katika kila diski ya pili akapiga windo, kama vijana wanavyosema, yaani akaingiza mfumo mzima upya. Namba aliyotumia ni ileile ya kibandiko cha mashine husika. Mashine ilikubali bila kuuliza swali. Diski ya kwanza ikifa, mwanafunzi anawasha tena, anachagua ya pili, na kazi yake anaikuta, kwa maana kila alichohifadhi kilikwenda kote kuwili. Mara kadhaa mwaka huo diski zilikufa, na hakuna aliyelia.

Restuta alijivunia jambo lile kana kwamba amelibuni yeye. Kisha mwaka mmoja, mwezi wa nane upepo ulipoanza kuvuma, bodi ilitangaza kwamba mkaguzi atapita kila kituo kabla ya mtihani kuhakikisha kwamba kila nakala ya mfumo iliyomo ndani ya mashine ina leseni yake. Kituo kitakachobainika kudanganya, matokeo ya wanafunzi wake wote yatafutwa, hata yakishatangazwa.

Neno lililomsimamisha Restuta ni hilo, kila nakala. Haikuandikwa kila mashine. Alikwenda akasoma masharti ya leseni, yale maandishi marefu ambayo watu wote hubonyeza kwamba wameyakubali bila kuyasoma. Aliyasoma mara mbili. Akamwita Obedi, wakakaa kwenye benchi nje ya maabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mbona uso huo?"

"Leseni yetu ni ya nakala moja ndani ya mashine moja. Nakala ya pili, hata ikiwa tumboni mwa mashine ileile, inataka leseni yake."

Obedi alicheka kidogo. "Nyumba moja ikiwa na milango miwili, kodi ya jengo nitalipa mara mbili?"

"Si milango, mzee. Ni nyumba mbili ndani ya ua mmoja."

"Lakini mtu hakai nyumba mbili kwa wakati mmoja. Akiwasha hii, ile imelala."

"Masharti hayaulizi nani amelala. Yanauliza ngapi zimejengwa."

Obedi aliomba yale masharti, akayasoma mwenyewe, midomo ikitikisika, mpaka mwisho. Restuta aliuona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayepapasa mfuko na kugundua kuwa umetoboka.

"Mimi nilijua leseni inakaa kwenye kibandiko," alisema. "Na kibandiko kinakaa kwenye mashine. Basi nikajua mashine yote imehalalishwa, na vyote vilivyomo."

Walikwenda pamoja kwa Bhagwati. Kununua leseni nyingine kwa mashine zote muhula ule halikuwa jambo la kuzungumzwa, na hawakulizungumza.

"Zitoeni hizo diski," alisema. "Mkaguzi akiondoka mnarudisha."

"Mama, hazitarudi," Obedi alisema. "Akimaliza kukagua anapiga lakiri mlango. Unafunguliwa asubuhi ya mtihani, yeye mwenyewe akiwepo."

"Basi wafanye mtihani na diski moja. Shida iko wapi?"

Obedi na Restuta walitazamana. Diski za kwanza zilikuwa zimechoka. Obedi alizijua kwa milio yake, kama mfugaji anavyojua ng'ombe anayekohoa. Kuingia kwenye mtihani na hizo peke yake, katika mwezi wa upepo na umeme wa kuwaka na kuzimika, ilikuwa kuwapeleka watoto wa watu mtoni gizani.

Restuta ndiye aliyesema. "Tuziache. Mkaguzi anaangalia vibandiko. Hafungui mashine."

"Na akiuliza?" Obedi alisema.

"Hataulizwa fundi. Nitaulizwa mimi."

"Akiuliza fundi?"

Bhagwati alimgeukia Obedi. "Mzee Matonya, wewe ni mtu mzima. Utajua la kujibu."

Mkaguzi alifika siku moja kabla ya mtihani. Alikuwa mwanamume mnene mchangamfu wa miaka arobaini hivi, na jina lake, Bartolomayo Kihwele, lilimtangulia mlangoni kama harufu ya chakula. Obedi alilisikia tu akajua ametoka Iringa. Wagogo na Wahehe ni watani tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka: Mgogo hutaniwa kwa kuomba, Mhehe kwa kula mbwa. Mkaguzi naye alisikia jina Matonya, akasimama katikati ya maabara mikono kiunoni.

"Aaa. Mgogo. Basi ngoja nishike pochi yangu vizuri kabla sijaombwa."

"Shika," Obedi alisema. "Na sisi mbwa wetu tumewafungia ndani tangu jana, tuliposikia Mhehe anakuja na njaa."

Wanafunzi waliokuwa wakifuta meza waliangua kicheko. Bhagwati, ambaye miaka yake yote ya Dodoma ilikuwa imemfundisha utani ni nini, alitabasamu akiwa mlangoni. Restuta naye alijaribu kutabasamu.

"Mbukwa, mtani," mkaguzi alisema, akisalimia kwa Kigogo, kwa lafudhi mbovu ya makusudi.

"Kamwene," Obedi alijibu kwa Kihehe. "Karibu, ule mlenda leo. Mbwa hatuna."

Ukaguzi ukaanza. Bartolomayo aliinama kwenye mashine ya kwanza, akatafuta kibandiko. Akainua nyusi. Akaenda ya pili, ya tatu. Kila namba ilisomeka kama imechapwa jana.

"Mnavitunza na nini hivi? Kwingine nilikopita nimekuta karatasi nyeupe tupu."

"Anapaka rangi ya kucha," mwanafunzi mmoja alisema.

"Nani? Huyu?" Mkaguzi alicheka mpaka akashika meza. "Mgogo anapaka kucha. Haya, nitawasimulia nyumbani."

Alikuwa anafika mwisho wa safu. Restuta alihesabu moyoni mashine zilizobaki, akajikuta anamwomba Mungu jambo ambalo hakuwa na uhakika kama linaombeka. Ndipo Bartolomayo alipojinyoosha, akamgeukia Obedi na si yeye.

"Sasa, mtani. Swali la kazi. Kila windo iliyopigwa humu ndani ina leseni yake?"

Upepo ulikuwa unasukuma bati. Obedi aliutoa mkono mfukoni.

"Hapana," alisema. "Kila mashine ina windo mbili, leseni moja. Ya pili tumeidokoa."

Bhagwati alishika fremu ya mlango.

Mkaguzi alimtazama Obedi, kisha akatupa kichwa nyuma, akacheka kicheko cha mtu aliyeshiba. "Mgogo kwa kuomba hana mwenzake! Kapewa sahani moja, kaitia vijiko viwili!"

"Ni kweli, mtani. Vijiko viwili."

"Na mngepewa nafasi mngeiomba na ya tatu."

"Tungeiomba," Obedi alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Bartolomayo akapiga saini zake huku mabega yakitikisika. Akawatoa wote nje, akafunga mlango, akaupiga lakiri. Ilikuwa imekwisha. Restuta aliegemea ukuta, na kitu cha kwanza alichokihisi ni furaha. Hakuifurahia furaha ile, lakini alikuwa nayo.

Bhagwati aliwaandalia chai ofisini kwake, chapati na maji ya zabibu za jirani. Obedi hakuingia. Restuta alimkuta nje, amekaa kwenye kivuli cha mwarobaini, kichupa chake kiko mkononi hakijafunguliwa.

"Mzee, njoo unywe chai."

"Sijasema," alisema.

"Umesema. Umeulizwa mbele ya watu wote, umejibu. Asiyesikia ni yeye."

"Mwalimu, wewe umezaliwa hapahapa. Maneno ya utani yana kesi?"

Restuta alijua, kama kila mtu anavyojua. Mtani akikuambia ameiba mbuzi wako, unacheka. Huendi kuhesabu mbuzi.

"Nilikuwa nimejiandaa kusema," Obedi aliendelea. "Nilipofungua mdomo, yakatoka kwa njia ile. Nilipoona anacheka, nikaona na mimi nimefurahi. Hapo ndipo nilipojijua. Nimeuficha uongo ndani ya ukweli, halafu nikajiona nimetakata."

"Watoto wana mtihani kesho," Restuta alisema. "Akiahirisha? Kina Erica wangapi utawabebea sanduku?"

"Na matokeo yakifutwa mwakani, wakiwa wameshaajiriwa? Fundi mwingine akifungua mashine moja tu, akakuta mbili, akasema?"

"Nani atafungua?"

"Sijui. Wewe unajua?"

"Obedi." Hakuwahi kumwita hivyo, bila mzee, bila chochote. "Nakuomba. Kaa chini."

Alikuwa ameshasimama. Aliondoka akitembea kwa mwendo wake uleule wa mtu asiye na haraka, kuelekea gari lililokuwa limeegeshwa langoni, ambako Bartolomayo alikuwa ameshatoka ofisini na anafuta vumbi kwenye kioo. Restuta alimfuata. Hakujua kama anakwenda kumsaidia au kumzuia, na alipofika ilikuwa imechelewa kwa yote mawili.

"Umekuja kuomba nauli, mtani?" mkaguzi alisema.

Obedi hakujibu utani. Mtani asipojibiwa hujua. Kicheko cha Bartolomayo kilibaki usoni kidogo, kisha kikaondoka chenyewe.

"Bwana Kihwele, utani tuuweke pembeni. Uliniuliza swali la kazi. Kila mashine mle ndani ina diski mbili, na kila diski ina mfumo wake. Leseni ni moja kwa kila mashine. Nimezipiga mimi, kwa mikono yangu. Nilidhani inaruhusiwa. Wiki hii nimejua hairuhusiwi, na nikaziacha."

Mkaguzi alitazama chini. Alipoinua uso alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyetwishwa mzigo akiwa anakaribia kwake.

"Kwa nini hukuninyamazisha pale? Umeniacha nacheka, nimesaini, ndiyo unakuja?"

"Ndiyo maana nimekuja."

"Unajua natakiwa niahirishe mtihani wa kituo hiki?"

"Najua."

"Na wewe, mwalimu? Ulijua?"

Restuta alihisi vumbi kwenye meno. "Nilijua. Mimi ndiye niliyesema tuziache."

Bhagwati alikuwa amesimama barazani. Alikuwa mbali na maneno yao, lakini nyuso alizisoma. Bartolomayo alizunguka gari lake mara moja, kama anayetafuta tairi lenye upepo mdogo. Alipomaliza alisema, bila kumtazama yeyote, "Nitafungua lakiri. Diski za pili zichomolewe zote sasa hivi, mbele yangu. Zibaki tumboni, lakini zisiunganishwe na waya hata mmoja. Nitaandika nilichokikuta na nitaandika nilivyoacha. Bodi ikinitumbua, mtani, nitakuja kula mbwa wenu wote."

Hakuna aliyecheka. Walifanya kazi ile mpaka jua likawa jekundu juu ya mizabibu, Obedi akifungua, Restuta akichomoa, mkaguzi akitazama. Lakiri ikapigwa upya. Bhagwati alimngoja Obedi langoni.

"Kesho usije," alimwambia. Kisha, kama mtu anayejieleza kwa mumewe aliyekufa, akaongeza, "Chuo hiki ndicho nilichonacho."

Asubuhi ya mtihani upepo uliamka mapema. Wanafunzi waliingia na kalamu zao na maombi yao. Restuta alisimama nyuma ya chumba, akisikiliza milio. Alikuwa hajawahi kujua kwamba na yeye anaweza kuzitambua. Ile ya pembeni inakwaruza. Ile ya dirishani inapumua kwa shida. Mwanafunzi wa dirishani alikuwa kijana mrefu aitwaye Joshua, mtoto wa mama muuza mboga wa mtaa wa Kikuyu, mwenye tabia ya kuandika huku ameuma ulimi.

Taa zilififia. Zikarudi. Zikazimika.

Umeme uliporudi, mashine ziliamka moja baada ya nyingine, na chumba kikavuta pumzi. Ya Joshua ilitoa mlio wa panya. Kijana aliinua mikono yake kutoka kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akatulia namna ile ya watu waliozoea kukosa.

Bartolomayo alikuwa amefika pale. Akatikisa kichwa. "Pole sana, kijana. Utaratibu ni kwamba..."

"Subiri," Restuta alisema.

Yeye mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake. "Leseni inakataza nakala mbili. Haikatazi moja. Ya kwanza imekufa, wewe mwenyewe umeisikia. Tukiitoa, ndani ya mashine hii inabaki ngapi?"

Mkaguzi alimtazama. Kisha akatazama kibandiko kilichong'aa ubavuni mwa mashine.

"Inabaki moja," alisema polepole.

"Na kibandiko ni kimoja."

"Nani atabadilisha? Wewe?"

Restuta alitazama dirishani. Alijua atamwona, na alimwona. Obedi alikuwa nje ya ua, amesimama kwenye barabara ya vumbi mahali ambapo hakuna aliyeweza kusema amefika chuoni, bisibisi imechomoza mfukoni pamoja na kichupa.

Aliitwa. Aliingia bila kumsalimia mtu, akapiga magoti palepale alipopiga magoti kwa Erica. Akaitoa diski iliyokufa, akamkabidhi mkaguzi mkononi ili ishikwe na ionekane. Akaunganisha ya pili. Mashine ikafikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba Restuta alishika bega la Joshua bila kujua. Kisha ikawaka.

Kazi ya Joshua ya asubuhi haikuwemo, kwa maana diski ile ililala imechomolewa. Alipewa muda wa kufidia akaanza upya, ameuma ulimi, wenzake walipokuwa wameshatoka. Alifaulu kwa alama za chini kuliko uwezo wake. Nafasi ya kazi aliyokuwa akiitaka serikalini hakuipata, akapata nyingine. Bodi iliandikia chuo karipio kali, na Bhagwati alinunua leseni kidogo kidogo hadi zikatosha. Restuta alibaki kazini. Mpaka leo huwa anajiuliza kwa nini yeye alibaki.

Obedi hakurudishwa. Bhagwati alimpigia Restuta simu mara moja kumuuliza kama mzee ana kazi, akakata kabla ya kujibiwa sawasawa. Obedi alikuwa amekwenda Mtera, kwa watu wa mkewe, akafungua kibanda cha kutengeneza simu na majokofu ya wauza samaki. Aliondoka na begi moja. Kichupa alikiacha juu ya meza ya maabara, na Restuta akakihifadhi kwenye droo.

Walikuwa wakipigiana simu. Hawakuzungumza habari ya siku ile. Obedi alimweleza bei ya sato na jinsi maji ya bwawa yalivyoshuka, na kwamba wavuvi nao wana simu zisizojua ni za nani. Kikohozi kilikuwemo katika sauti yake muda mrefu kabla ya Restuta kukitilia maanani. Mkewe alipokuja kupiga simu kwa namba ileile, alisema tu kwamba mzee amepumzika, na kwamba walikuwa wameshamzika Kongwa, kwao.

Siku ya mwisho Restuta na Obedi walipozungumza, chuo kilikuwa kimepokea kompyuta mpya. Restuta alikuwa amezigeuza zote, moja baada ya nyingine, bila kujua tangu lini na yeye ameanza kuzigeuza. Ubavuni hakukuwa na kitu. Alimpigia kumwambia. Siku hizi, alimweleza, leseni imeandikwa ndani ya mashine yenyewe, haishikiki, haionekani, haifutiki kwa jasho la mtu. Hakuna tena kibandiko.

Upande wa pili alisikia wanawake wakigombea samaki.

"Basi kile kichupa usikitupe, mwalimu," Obedi alisema. "Wape wasichana wapake kucha."